Shamba la Shangazi Latangazwa Kuwa la Kale

Inatangazwa kwa wananchi wote, wapita njia wote na wawekezaji wote, walio karibu na walio mbali, kwamba wilaya hii, ambayo hadi Ijumaa iliyopita ilikuwa wilaya ya viazi, kuanzia Jumatatu asubuhi ni wilaya ya kale.

Ndivyo kilivyosema kipaza sauti kilichofungwa kwa kamba ya katani juu ya gari la ofisi, na aliyekishika ni Afisa Urithi na Uwekezaji mwenyewe. Watu walimwita Fursa, naye hakuchukia. Mtu asiyeweza kuomba chumvi mezani bila kueleza fursa zilizomo kwenye chumvi, utamwita nani?

Fursa alikuwa mtoto wa hapohapo. Mama yake alipofariki alilelewa na shangazi yake, akala viazi vya shangazi mpaka akapata cheti, na cheti kikampa kiti kinachozunguka. Tangu hapo aliupenda mlima wao kwa dhati, kupitia dirishani.

Na ni dirishani alikouona huo urithi. Mashamba yamepanda mteremko mzima ngazi kwa ngazi, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Siku moja akamwita Mkuu wa Wilaya aje atazame. Mkuu alikuwa mtu wa maamuzi ya haraka, hasa chakula cha mchana kikikaribia.

"Unaona nini pale, mheshimiwa?"

"Viazi."

"Mimi naona miaka elfu mbili."

Mkuu akakodoa macho. "Hatuwezi kufanya tatu?"

"Tunaweza, mheshimiwa. Hiyo miaka hakuna anayeitumia."

Kamati ikaundwa, ikaketi, ikanywa chai, ikapitisha tatu. Ubao ukasimamishwa kwenye shamba la shangazi, maana ndilo lililopendeza kuliko yote, na masharti yakaandikwa kwa rangi nyekundu: eneo hili ni la kale, asiye mtumishi wa serikali haruhusiwi kugusa jiwe, udongo wala kushika jembe ndani yake, eneo litatunzwa katika hali yake ya asili wakati wote. Na kwa kuwa kwenye semina alifundishwa kwamba tangazo zuri humalizia na kitu kitamu, Fursa akaongeza chini kabisa: manufaa yote ya eneo ni ya jamii inayolizunguka. Hakujisumbua kuyafikiria hayo manufaa. Mawe yatazaa nini?

Kesho yake shangazi akaingia ofisini na mabuti yake ya mpira, akipitia mbele ya foleni kana kwamba foleni ni ua la jirani.

"Wewe!"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbegu zangu zimechipua ndani ya gunia, vichipukizi virefu kama vidole. Mvua hiyo hapo nyuma ya kilima. Halafu kuna mlinzi amesimama shambani kwangu ananiambia niweke jembe chini. Umemtuma wewe?"

Fursa akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Shangazi, huko nje wewe ni shangazi yangu. Humu ndani wewe ni mdau."

"Mdau ndiyo nani?"

"Mtu anayetoa maoni."

"Na anakula nini?"

"Hilo lipo kwenye mchakato."

Shangazi akamtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia jikoni. "Haya, pokea maoni. Nisipopanda sasa hivi, mwaka mzima sina cha kuweka chunguni."

"Yamepokelewa."

"Ongeza na haya. Huo ukuta wenu wa miaka elfu tatu niliupanga mimi mwaka jana. Kila mwaka kabla ya kupanda tunaubomoa, tunaupanga upya, la sivyo unatoa kitambi halafu unalala. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniletea kokoto za kujazia katikati, kamasi zinachuruzika. Umesahau?"

Fursa aliangalia kama mlango umefungwa sawasawa. "Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "usitoe takwimu bila kibali."

Shangazi akaondoka bila kuaga. Alipita kwenye ubao wa shambani kwake, akasimama, akausoma wote, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaenda nyumbani kukaa.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mawe hayajui masharti. Ukuta wa kale ukaanza kutoa kitambi, mwanzo kidogo kama cha karani, halafu kikubwa kama cha mkurugenzi. Shamba likabaki tupu na jekundu. Na hapo ndipo simu ikapigwa kutoka wizarani: Waziri ameliona bango ambalo Fursa alilituma kuitangaza wilaya, lile lenye mlima wa kijani kibichi, amependa sana, anakuja na wawekezaji viazi vikiwa vimestawi kama pichani.

Mkuu wa Wilaya akaenda dirishani.

"Hali yake ya asili ni ipi, Fursa?"

"Kijani, mheshimiwa. Ndivyo ilivyo kwenye bango."

"Na ile ni rangi gani?"

"Ile ni udongo, mheshimiwa."

"Udongo wa kale?"

"Udongo tu."

Mkuu akajifuta jasho, na ilikuwa siku ya baridi. "Basi mwite shangazi yako apande."

"Si mtumishi wa serikali."

"Muajiri."

"Amepita umri wa kustaafu. Halafu hana cheti cha kilimo."

"Futa hayo masharti, basi!"

"Yameshafika wizarani, mheshimiwa. Tukiyafuta tutakuwa tumesema tulikosea."

Katika historia yote ya wilaya ile, ukijumlisha na ile miaka elfu tatu, jambo kama hilo halijawahi kutokea.

"Hebu niambie," Mkuu akasema polepole, "watumishi wa serikali tulionao hapa ni akina nani?"

Wakatazamana.

Siku ya kulima, mlima mzima ulihamia shambani kwa shangazi. Mkuu wa Wilaya alikuja na tai, ameichomeka ndani ya shati isiingie matope. Mhasibu alikuja na mwamvuli. Afisa Utumishi alileta cheti cha daktari, Mkuu akakikunja na kumtaka akikalie wakati wa mapumziko. Shangazi alikuwa ameshafika na gunia lake la mbegu, na ndoo ameipindua akaikalia.

"Mbegu hizi hapa," alisema. "Si manufaa ni ya jamii inayozunguka? Basi mimi ndiye niliyelizunguka karibu kuliko wote. Nyumba yangu ile pale."

Fursa aliligeukia lile shamba lote jekundu, akayaelewa manufaa: ni viazi, na mwenyewe amekalia ndoo. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na kuelewa hakupunguzi kazi.

Walianza na ukuta. Shangazi alikaa akatoa maoni kama alivyopangiwa.

"Jiwe kubwa linakaa chini. Chini, baba mheshimiwa! Hata wewe ukikaa hutangulizi kichwa."

"Wewe wa mwamvuli, hilo jembe unalibembeleza la nini? Halijanuna."

"Kichipukizi kitazame juu! Ukikipanda kifudifudi unataka kiazi kikatokee wapi, wizarani?"

Kinyozi wa sokoni, aliyefunga kibanda chake ili asikose, akawaambia waliokuwa karibu, "Tangu nizaliwe naisikia serikali ikisimama imara. Leo ndiyo naiona inainama."

Kufika mchana viganja vya Fursa vilikuwa na malengelenge kama maandazi. Akajisogeza kwenye ndoo, akanong'ona, "Shangazi, nishike mkono. Mstari mmoja tu."

Shangazi akaweka mikono nyuma haraka, kama mtu aliyeonyeshwa moto. "Kugusa ni marufuku, mwanangu. Unataka mdau nikafungwe?"

Walipanda, wakapalilia, wakapandishia udongo, wakarudi kuubana ukuta kila mvua ilipoulegeza. Ofisi ilifungwa mchana kutwa. Cha ajabu ni kwamba hakuna mwananchi aliyelalamika; mambo yaliyokuwa yakisubiri sahihi yalijiendea yenyewe, na barabara ya sokoni watu waliifukia mashimo bila hata kamati.

Waziri alifika viazi vikiwa vimelifunika shamba, kijani kuliko bango. Ila wawekezaji hawakuutazama mlima. Walimpiga picha Mkuu wa Wilaya akiwa amepiga magoti kwenye tuta. Waliviomba viganja vya Fursa, wakavipiga picha kwa karibu, mbele na nyuma.

"Nimezunguka nchi nyingi," mmoja wao alisema. "Kuta za kale ziko kila mahali. Kiongozi anayefanya kazi mwenyewe, kwa mikono yake, hiki ni kitu cha pekee. Nitajenga hoteli pale juu. Kwa sharti moja: kisipotee."

Waziri alikuwa mtu wa kuona mbali. Palepale akachukua kipaza sauti. Akatangaza kwamba viongozi wa wilaya hii, kuanzia Mkuu hadi Mhasibu, ni urithi wa taifa. Hawatahamishwa. Hawatapandishwa cheo. Likizo zao zimefutwa, kwa kuwa zinaharibu mandhari. Watatunzwa katika hali yao ya asili wakati wote.

Watu walishangilia mpaka ndege wakaruka. Mkuu wa Wilaya akakaa chini kwenye tuta. Fursa alitaka kusema kitu kuhusu fursa, lakini akaishia kuvitazama viganja vyake.

Shangazi hakushangilia. Yeye alikuwa ameyaona mawingu, na ameona vilevile kwamba kule pembeni ukuta umeanza kubonyea, na tuta la mwisho halijapandishiwa udongo.

"Na huyu mwenye suti ya kijivu ni nani?" aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Shangazi!" Fursa akashtuka. "Huyo ni Waziri!"

"Waziri wa serikali?"

"Wa serikali, shangazi, wa serikali kabisa."

"Basi yeye anaruhusiwa," shangazi akasema, akalichukua jembe la Mkuu kwa ncha ya kanga yake, asije akaligusa, akalinyoosha mbele.

Kamera zote zikageuka. Wawekezaji wakasogea, macho yanang'aa. Waziri alitabasamu, akalitafuta gari lake kwa macho, akaliona limeachwa mbali kule chini, upande wa pili wa umati. Tabasamu halikutoka usoni, ila lilikakamaa. Akavua koti. Akakunja mikono ya shati. Akaingia shambani kwa mguu wa kulia, viatu vikazama.

"Taratibu, baba," shangazi akatoa maoni. "Hapo unakanyaga chakula changu."