Mitawanda ya Mpingo

Jumatatu, 4 Juni 1956

Mti mgumu kuliko yote ndio ufaao kuchongea kila kitu. Nimelitamka hili leo barazani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya watu kumi na mmoja, na nitalitetea mpaka nizikwe. Kanuni yenyewe ni fupi. Tia kipande cha mti majini. Kikizama, chonga. Kikielea, kapikie.

Chanzo cha mjadala ni mlango wa msikiti wetu hapa Ngamiani. Mchwa wameula. Mzee Idarusi, mkuu wa kamati, anatafuta mtu wa kuchagua mbao za mlango mpya, na jina la mtu huyo litachongwa kwenye kizingiti cha juu. Jina! Kwenye kizingiti! Nimerudi na shahada kutoka Makerere miezi minne sasa, na hadi leo jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, ubavuni mwa sanduku langu la nguo.

Mpinzani wangu ni Fundi Safari, mchonga mbao, ambaye hajasoma hata kitabu kimoja juu ya miti. Alisema mbao za mlango ziwe za mvule kwa kuwa haupindi kwa hewa ya pwani. Nakshi ziwe za mfenesi kwa kuwa unaitii patasi. Na kizingiti cha chini, kikanyagwacho, kiwe cha mbambakofi. Miti mitatu kwa mlango mmoja! Nikamwambia huko ni kukosa msimamo. Nikapendekeza mpingo mtupu, toka juu hadi chini. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, mlango huo utafunguliwa na watu wangapi. Baraza zima likacheka. Kicheko si hoja.

Mzee Idarusi akakata shauri. Mitawanda ya msikiti, vile viatu vya mti tuvaavyo wakati wa kutawadha, imechakaa. Kila mmoja wetu alete jozi tatu kabla ya Ijumaa ya tarehe 15, na miguu ya wanakamati ndiyo itakayoamua nani achague mbao za mlango. Nimekubali. Ningekubali hata iwe kesho.

Jumatano, 6 Juni

Utafiti. Nimetia majini vyombo vyote vya mti vilivyomo jikoni mwa shangazi Mwatumu. Mwiko: umeelea. Mchi: umeelea. Kisanduku cha chumvi: kimeelea, chumvi haipo tena. Kinu hakikuingia katika ndoo, kwa hiyo nikakitia katika pipa la maji ya kunywa. Kikaelea. Nusu ya maji ikamwagika.

Nikamweleza shangazi kwamba jiko lake lote limeshindwa mtihani. Akauliza kama mtihani huo una swali la nani atakwenda bombani kulijaza pipa. Ulikuwa nalo. Nimekwenda mara sita. Nilipomshauri apate mchi wa mpingo alisema: "Na mkono wa kuunyanyua nitautoa wapi, baba? Au nao wachongwa?" Wanawake wa nyumba ya pili walikuwa wakisikiliza. Najua, kwa kuwa walinyamaza ghafla, kisha hawakunyamaza kabisa.

Jioni nimeipitia orodha ya miti niliyoinakili nilipozuru kituo cha utafiti cha Amani. Nilinakili majina na uzito. Mpingo unaongoza kwa mbali. Safu ya mwisho, ile ya matumizi, niliiacha. Uzito ni elimu; matumizi ni maoni ya watu tu.

Ijumaa, 8 Juni

Laurenti, dereva wa lori katika shamba moja la mkonge, ameniletea gogo la mpingo kutoka Handeni. Alichotaka badala yake ni barua ya kumposa Yudith, binti wa Muheza. Nimemwandikia kurasa kumi na moja, nikianzia asili ya ndoa kwa Wayunani. Laurenti akazipima mkononi kama apimaye samaki, akauliza Yudith mwenyewe anaingia ukurasa wa ngapi. Wa kumi.

Gogo limekataa kubebwa na mtu mmoja. Na watu wawili pia. Ushahidi wa kwanza!

Jumapili, 10 Juni

Nimeanza kuchonga. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ikadunda. Ikadunda tena. Mara ya tatu ikaishia kwenye muundi wangu wa kushoto. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeondoa mpingo wa kujaza kijiko cha chai, na makali ya tezo yalikuwa na pengo la kupita kidole.

Jiwe zuri la kunolea, hapa mtaani, liko kwa mtu mmoja tu. Nilikwenda nikichechemea, nikamwamkia Fundi Safari shikamoo kwa sauti ya mtu apitaye njia. Akaitikia marahaba, akaipokea tezo, akaanza kuinoa bila kuuliza. Hata mguu hakuuliza. Adui mwenye adabu ni taabu tupu.

Mitawanda yake alikuwa ameimaliza asubuhi moja. Ameichonga kwa mtalawanda, mti mwepesi hata ukiushika wadhani ni mkate. Nikamwambia hivyo. Akakubali! Akasema mzee wa miaka sabini atokaye kutawadha hataki kuburuta magogo. Kisha, macho yake yakiwa kwenye jiwe: "Bwana mdogo, umepata kutazama mitawanda hukaa wapi?" Nikamjibu kwamba hukaa miguuni. Akaendelea kunoa.

Jumanne, 12 Juni

Ushindi wa akili. Laurenti amelipeleka gogo langu kwenye karakana ya shamba lao, likapasuliwa kwa msumeno wa mashine. Mafundi wa huko wanaomba nisipeleke jingine. Zimetoka nyayo sita, nami nimezipiga msasa na nta mpaka nimejiona uso. Hata misuruaki, vile vijiti vinavyoshikwa kwa vidole vya mguu, ni mpingo uliong'arishwa. Hakuna mahali palipolegezwa.

Yudith amekubali. Laurenti anasema alipeleka ukurasa wa kumi peke yake. Sikupendezwa.

Alhamisi, 14 Juni

Nimeikabidhi mitawanda. Imepangwa ukingoni mwa birika la kutawadhia, jozi zangu tatu upande mmoja, za Fundi Safari upande wa pili. Zangu nyeusi, zinameta kama viatu vya gavana. Zake kama ndizi zilizomenywa. Nimekwenda kimya kimya kukipima kizingiti kwa shubiri. Jina langu, Zubeiri bin Shekhe, linaenea vizuri. Shahada nayo itaingia ikibanwa.

Ijumaa, 15 Juni

Nitaandika yaliyotokea bila kuongeza neno.

Mzee Idarusi alivaa jozi yangu ya kwanza. Akausifu mng'aro. Hatua ya kwanza ilitoa kishindo cha punda juu ya sakafu. Ya pili ilikanyaga saruji yenye maji. Ya tatu haikuwa hatua. Akamdaka Fundi Safari shingoni, na kwa muda wakawa wanatazamana kama maharusi.

Alipotulia alikaa ukingoni mwa birika, akanyanyua mguu auoshe. Msuruaki ukateleza kati ya vidole. Mtawanda ukatumbukia. Chubwi! Ukazama. Wa mwanakamati wa pili, chubwi! Ukazama. Kisha ukatumbukia mmoja wa Fundi Safari. Ukaelea. Ukazunguka kidogo, aliyeuvaa akauvuta kwa kata, akaendelea na mguu wa pili.

Kumbe vitu hivi hutumbukia kila siku! Hakuna kitabu kilichonieleza.

Hadi adhana ya pili mitawanda yangu yote sita ilikuwa chini, na kina cha birika lile ni cha kifua. Wanakamati wakakimbilia ndani pekupeku, wakinyanyua miguu kama kuku. Baada ya sala niliingia majini na shuka, msikiti mzima umejipanga ukingoni. "Kulia kidogo, msomi!" "Hapo hapo, umeupita!" Mmoja akauliza kwa heshima zote: yote imezama, je, sasa wachonge? Nimetoa mitano. Wa sita sikuupata.

Mzee Idarusi, akiwa ameshika nyonga, alinipokea kwa upole. Alisema: "Mwanangu, kanuni yako ni kweli tupu. Tumeiona kwa macho. Mbao za mlango atachagua Safari."

Nikamwuliza kuhusu kizingiti. Akasema jina la Safari ni fupi, litawapunguzia kazi.

Shangazi ameniwekea uji. Bega lake lilikuwa likitikisika.

Jumamosi, 16 Juni

Fundi Safari amekuja asubuhi na mtawanda wa sita. Aliuopoa alfajiri kwa upondo. Hakuja kunicheka, jambo lililonikera zaidi. Alikuja kuniomba. Ataka jozi zangu zote tatu, azipasue awe na vigingi vya kukazia miimo ya mlango mpya. Akasema kigingi chataka mti usioteleza ukishaingia, usiooza na usiobonyea. "Kazi yake ni kukaza na kunyamaza. Hapo mpingo hauna mwenzake." Alipofika kwenye kunyamaza alinitazama kidogo.

Kisha akanialika. Jumatatu anakwenda kutazama mvule, nifuatane naye, nichukue na ile orodha ya Amani. Angependa sana kusikia safu ya matumizi inasemaje.

Nikamwambia nina udhuru Jumatatu.

Mitawanda nimempa.

Jumapili, 17 Juni

Nimelala nikaamka na jawabu. Mlango bila vigingi huanguka. Vigingi ni vya mpingo. Kwa hiyo mlango mzima, pamoja na kizingiti chenye jina la mtu mwingine, umesimama juu ya kanuni yangu! Nimeshinda, ila hawajaambiwa.

Na kama kanuni ni sahihi na mitawanda ni sahihi, kosa liko kwa kitu cha tatu. Kitu hicho nakijua, nimesimama ndani yake.

Nimeandika waraka wa kutundikwa nje ya msikiti. Ili udumu, nimeupigilia juu ya kipande cha gogo kilichobaki. Misumari minne imepinda. Ushahidi mwingine! Nimeufunga kwa kamba. Wasema hivi:

"Kwa kamati, na kwa Fundi Safari. Mti mgumu kuliko yote ndio ufaao kuchongea kila kitu, na yaliyotokea Ijumaa yamelithibitisha hilo mara sita. Hakuna mtawanda wangu uliopasuka, uliooza wala ulioliwa na mchwa. Lililoshindwa ni birika. Nadai, kabla ya sala ya Ijumaa ijayo, kwa maandishi na mbele ya watu wote, nijibiwe: ni nani aliyelichimba birika hilo kina cha kifua, na alikuwa na maana gani?"