Kinusa Tochi

Twahiru Mchopa hakuwa mwizi. Ukimwita mwizi alikasirika kwelikweli, hata chakula kilimshinda. Kwa maneno yake mwenyewe yeye alikuwa mtu wa huduma, na huduma yenyewe ilikuwa kuwapunguzia watu fedha zilizowazidi akili. Masasi aliuza dawa ya kuzuia betri ya simu isizeeke. Newala aliuza mbegu ya mkorosho unaozaa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo Masasi harudi, na Newala hata kupita hapiti. Ndivyo alivyofika Mtwara na pikipiki yake nyekundu, akapanga chumba Chuno, akanyoa ndevu na kujiita Injinia.

Msimhukumu haraka. Twahiru alikuwa amechoka kukimbia. Alishaona duka la vipuri Lindi, sehemu nzuri, karibu na soko, na mwenye nyumba alimwahidi kumsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Alitaka aketi humo kwenye kiti cha kuzunguka, watu waje kwake na shida zao, awauzie plagi na mnyororo kwa bei halali. Ili afike kwenye huo uhalali alihitaji utapeli mmoja tu, wa mwisho.

Utapeli huo aliuokota asubuhi moja kwenye benchi la mama ntilie pale stendi. Madereva walikuwa wanalia kile kilio cha mtu aliyepigwa tochi. Kwa usiyeendesha, tochi ni ile mashine ya trafiki ya kupimia mwendo. Afande anasimama nayo kijijini, penye kibao cha hamsini, anakulenga ungali mbali, na ukimfikia anakuonyesha picha ya gari lako na mwendo wako. Huna la kubisha, labda umbishie marehemu mjomba wako.

"Jana nimepigwa tena," alilalamika Sudi, dereva wa Hiace ya Lindi, mtu wa kitambi na haraka.

"Hukuwashiwa taa?" mmoja aliuliza. Maana madereva wana undugu wao: ukitoka kwenye tochi, ukapishana na mwenzako anayeiendea, unamwashia taa apunguze mwendo.

"Niliwashiwa, lakini na Athumani! Nikajua ananitisha nipunguze mwendo, apate abiria wangu."

Athumani, dereva wa Hiace nyingine ya Lindi, mrefu na mkimya, alikuwa benchi la pili. Alitabasamu kwenye kikombe chake cha chai. Twahiru akaweka kitumbua chini.

"Kaka Sudi," alisema kwa sauti ya daktari, "na ungekuwa na kitu kinachoinusa tochi kabla haijakuona?"

Siku hiyohiyo alikitengeneza. Kilikuwa kisahani cha sabuni chenye kifuniko, rangi nyeusi. Ndani alitia betri, king'ora kidogo cha alamu ya pikipiki, kitaa chekundu, na gololi ya baiskeli ndani ya kikopo cha bati. Ukikitikisa, gololi inagusa waya, kidude kinalia tii-tii-tii. Usipokitikisa, kimya. Juu alichomeka kipande cha spoku kama antena. Antena haikuwa na kazi yoyote, ila nani atanunua kitu cha kunusa kisicho na pua? Akakiita Kinusa Tochi.

Majaribio yalifanyika kwenye Hiace ya Sudi, haina abiria, barabara ya Lindi. Twahiru alikipakata kidude chake. Walipoumaliza mlima wa Mikindani aliinua macho, akaona moshi juu ya mikorosho. Huo ulikuwa moshi wa Bi Tatu, mkaanga mihogo. Bi Tatu aligundua zamani kwamba mtu aliyesimamishwa na trafiki husikia njaa, basi popote tochi ilipohamia, naye alihamia na karai lake. Twahiru alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Akatikisa goti.

Tii-tii-tii!

Sudi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wakapinda kona polepole, na palepale alisimama Afande Raheli, sare nyeupe pe, tochi mkononi, akiitazama Hiace inayotambaa.

"Lahaula! Injinia, kimenusa!" Sudi alinong'ona kama vile afande angesikia. "Kinanusa kutoka umbali gani?"

"Inategemea upepo," alisema Twahiru.

"Nakitaka. Lakini Athumani asikipate!"

"Kaka, kidude chenyewe ni bei rahisi, wewe ni ndugu yangu. Ila kumnyima Athumani kuna gharama. Nitakula hasara."

"Nitailipa mimi!"

"Basi nakuuzia wewe peke yako. Usimwambie mtu."

Sudi akalipa kidogo kwa kidude, na kwa kumnyima Athumani akalipa sana. Kesho yake Athumani alilipa kidogo kwa kidude, na kwa kumnyima Sudi akalipa zaidi, maana yeye alikuwa mkimya na wakimya wana wivu wa akiba. Twahiru akaendelea hivyo hivyo. Aliwauzia bodaboda wa Madimba na wenye Fuso za korosho wa Nanyamba, kila mmoja peke yake, kila mmoja asimwambie mtu. Dereva mmoja wa ofisi aliomba risiti. Akapewa.

Mwenyewe alijipa wiki moja kabla mambo hayajaharibika. Begi lilikaa mlangoni tayari. Wiki ikapita, hakuna aliyekuja kumkaba shingo. Wakaja kumshukuru!

"Sijapigwa tena, Injinia. Mungu akuzidishie."

Twahiru aliitikia amina huku kichwa kinamzunguka. Hakuelewa, na hakuelewa kwa sababu pikipiki yake haikuwahi kufungwa kinusa. Angefunga, angejua. Kabla ya kila kijiji chenye kibao cha hamsini, barabara ile ina rasta, ile mistari iliyoinuka inayotikisa gari mpaka meno. Gari likipita kwenye rasta, gololi inarukaruka, kidude kinalia, dereva anakanyaga breki, anaingia kijijini taratibu kama bibi harusi. Afande ampige tochi kwa lipi? Takataka ya Twahiru ilikuwa inafanya kazi kuliko dawa ya hospitali, na asiyejua ni aliyeiunda.

Sifa zikamvimbisha kichwa. Badala ya kula kona mapema, akaongeza wiki nyingine, na nyingine. Hapo ndipo alipokosea.

Barabarani nako mambo yalibadilika. Watu waliacha kuwashiana taa. Sudi alisema moyoni, "Kinusa nimekinunua kwa jasho langu, halafu Athumani aokoke bure kwa taa yangu? Thubutu!" Athumani naye hakusema kitu, lakini taa hakuwasha. Wenye Fuso vilevile. Kila mmoja alipopishana na mwenzake alitabasamu tu, akijua jamaa anakwenda kunaswa. Na hakunaswa mtu! Afande Raheli alishinda juani akipokea salamu za magari yaendayo mwendo wa maandamano.

Wa kuumia alikuwa Bi Tatu. Hakuna aliyesimamishwa, basi hakuna mwenye njaa. Mihogo ililala, mafuta yakaungua bure. Mwishowe akaliacha karai nyumbani, akawa anakuja na ndoo ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyokwisha kuchemshwa, walau ikibaki ale na wajukuu.

Alhamisi Sudi alimletea Twahiru habari, mdomo umejaa kitumbua. "Kesho baada ya sala tuna kikao cha madereva wote, Injinia. Tunataka kuulizana, undugu umekwenda wapi, mbona watu hatuwashiani taa?"

Twahiru akapiga hesabu haraka. Madereva wote mahali pamoja, kila mmoja na kinusa chake cha pekee mfukoni! Mmoja akikohoa tu, gololi zitaitikiana. Duka la Lindi aliliona likiota mbawa, na kiti cha kuzunguka kikizunguka peke yake.

Ijumaa asubuhi alipakia. Begi la fedha mgongoni, na humo ndani kinusa kimoja kilichobaki. Nyuma ya pikipiki alifunga godoro lililokunjwa na ndoo ya kuogea. Akaipita Mikindani huku anapiga mluzi, akapanda mlima.

Huko juu alikutana na Hiace ya Athumani ikirudi kutoka Lindi kuwahi kikao. Haikuwasha taa. Athumani alimwonyesha meno tu. Nyuma yake kidogo alikuja Sudi, naye meno matupu. Twahiru akainua macho kuutafuta moshi wa Bi Tatu. Mbingu safi, hata wingu halikuwepo.

"Barabara nyeupe!" alijisemea, akavuta mafuta mpaka mwisho.

Pikipiki ikapanda rasta. Ndoo ikalia, meno yakagongana, na mgongoni, ndani ya begi, tii-tii-tii!

"Nyamaza wewe, sahani ya sabuni," Twahiru alicheka. "Mimi ndiye baba yako."

Akapinda kona akiwa bado anacheka, na katikati ya barabara akauona mkono wenye glovu nyeupe.

Afande Raheli alikuwa na furaha ya mtu aliyemwona ndugu aliyepotea. Alimwonyesha picha: pikipiki nyekundu, godoro, na mwendo wa aibu. "Karibu, bwana. Wewe ni wa kwanza tangu mwezi uanze. Na mgongoni kunalia nini?"

Maana Twahiru alikuwa anatetemeka, na begi lilikuwa linatetemeka naye. Tii-tii. Afande akakitoa kidude, akakiweka kiganjani. Kabla hajasema neno, zikasikika kutoka kwenye rasta tii-tii-tii nyingine mbili. Zilikuwa Hiace mbili, zikifuatana kwa adabu. Walipopishana Sudi aliliona lile godoro, akajua Injinia anahama bila kuaga, akageuza gari huku abiria wanamtukana. Athumani kumwona Sudi anageuza, akajua kuna abiria wananyang'anywa, naye akageuza. Waliteremka wote wawili, na kila mmoja alikuwa amesikia kilio cha gari la mwenzake.

"Na wewe unacho?" Sudi aliuliza.

"Na wewe?" Athumani alijibu.

Wakamgeukia Twahiru kwa pamoja.

"Ngojeni," alisema Afande Raheli. "Naanza mimi. Bwana, hiki ni kitu gani? Fikiri vizuri. Ukisema kinanusa tochi, unaingilia kazi yangu. Ukisema hakinusi, hawa wawili wanakusikiliza."

Twahiru alitazama kulia, akatazama kushoto. Mara ya kwanza katika maisha yake ya huduma, ilimbidi aseme kweli. "Ni kisahani cha sabuni, Afande. Kina gololi tu. Wallahi!"

Sudi akamnong'oneza Athumani, "Mwanamume huyu! Ameikana kazi yake kutulinda sisi!"

"Gololi!" Athumani alicheka kidogo. "Mwezi mzima sijapigwa. Lakini aliniuzia mimi peke yangu."

"Na mimi peke yangu!"

Afande alikitikisa kile kidude sikioni, akaitazama ile rasta, akakitikisa tena. Akaanza kutabasamu, ila alilolielewa alilibakiza moyoni, akakiweka kidude kwenye kigoda cha Bi Tatu, aliyekuwa kando na ndoo yake ya ming'oko. "Kama ametapeli, twendeni kituoni mkafungue kesi. Ila vidude vyenu vyote vitabaki kituoni kama ushahidi."

Sudi alikumbatia mfuko wake wa shati. Athumani alitazama viatu.

"Kesi ya nini, Afande?" alisema Sudi. "Haya mambo ya ndugu. Bei ya kidude hatudai, kidude kinafanya kazi. Tunadai ile tuliyolipa kila mmoja ili mwenzake asipate. Na kama kuna wengine, tunakwenda kuwarudishia kikaoni sasa hivi."

Begi likafunguliwa. Bei ya vidude Twahiru alishaila katika kodi ya chumba na mashati. Iliyokuwemo karibu yote ilikuwa ya kunyimana. Mbele ya abiria wa Hiace mbili, na afande akiwa shahidi, fedha zikaingia kwenye kofia ya Sudi. Zilizobaki zilitosha faini ya mwendo kasi, na faini ikalipwa hapohapo kwa simu, risiti ikatoka. Duka la Lindi likaishia hapo. Twahiru alikaa chini kando ya barabara, machozi yanamlengalenga.

"Nikikukamata tena pikipiki inalala kituoni," alisema Afande Raheli. "Na wenzangu wapo mbele."

Hiace zikaondoka. Twahiru alibaki anawaza. Sudi hakupigwa. Athumani hakupigwa. Aliyepigwa ni yeye, na alipigwa wakati kidude kinamlilia mgongoni, yeye anakicheka. Alikiunda kwa mikono yake, ndiyo. Lakini kile king'ora kilitoka China, na Wachina nani anajua wanatia nini ndani?

Aligeuka kwenye kigoda. Kidude hakipo.

"Mama," alimwambia Bi Tatu, "hukukiona kidude changu?"

Bi Tatu alimenya mng'oko bila haraka. "Kidude chako? Biashara yangu imekufa mwezi mzima, mwanangu, kwa ajili ya hivyo vidude. Ninacho kimoja, lakini ni changu."

"Niuzie, mama."

"Huna kitu wewe. Labda hilo godoro."

Twahiru alilitazama godoro lake, akaitazama barabara inayokwenda Lindi, na vijiji vyote vilivyo njiani. Akafungua kamba.

Bi Tatu akaingiza mkono chini ya ming'oko, akakitoa kisahani cha sabuni, akakipangusa antena kwa khanga. "Nakuuzia wewe peke yako," alisema. "Usimwambie mtu."

Kijiji kilichofuata, kabla hata ya kibao, kidude kililia. Twahiru alikanyaga breki, akakipita kijiji kizima mwendo wa kusukuma baiskeli, akiwapa watu salamu. Trafiki hakuwepo hata mmoja.

"Kimewafukuza," alijisemea, na kwa heshima kubwa akaigusa ile antena ya spoku.