Daktari wa Desturi za Milimani

Kalisa aliingia maktaba ya mtaa wa Northland kuchaji simu tu, kwa kuwa umeme wa pale haukuwa na mwenyewe. Alikuwa amejinyoosha karibu na soketi alipoliona tangazo ukutani. Maktaba ilitafuta wakazi wa kuzungumza mbele ya watu kuhusu historia na mila za kwao. Wasikilizaji wangeingia bure. Mzungumzaji angepewa bahasha ya shukrani.

Neno bahasha lilimpanda puani kama harufu ya nyama choma.

Huo ulikuwa mwaka 2015, na katika mji wa Columbus Kalisa alishakuwa mtu wa fani nyingi. Aliwahi kuwauzia waumini mafuta ya upako kutoka Yerusalemu, ambayo kwa kweli yalitoka duka moja la Waafrika pale Morse Road, rafu ya chini. Kazi ya ghalani kule Reynoldsburg alikuwa nayo pia, lakini hiyo aliichukulia kama maradhi sugu.

Akamwendea Bi Marjorie, mratibu wa mazungumzo hayo, mama mwembamba mwenye miwani mikubwa na moyo mkubwa zaidi, akajitambulisha kuwa ni Daktari Kalisa, mtaalamu wa desturi za milima ya Kivu Kusini. Udaktari ulikuwa wa asubuhi ile ile. Milimani alizaliwa kweli, na utotoni alichunga ng'ombe, ila hakuona mtu mwenye akili timamu atakayetoa bahasha kusikia jinsi ng'ombe anavyokula nyasi. Basi akatunga habari nyingine. Halafu akaomba apangiwe Jumapili adhuhuri, saa ambayo kila Mkongomani wa mji ule yuko kanisani na hatoki mpaka mchungaji achoke. Ujanja huo ulimfurahisha hadi akajinunulia soda.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa Wamarekani wazee, kalamu mkononi. Kalisa, suti imekaa, akawaeleza kwamba kwao mgeni humsalimia ng'ombe kabla ya mwenye nyumba, na ng'ombe asipoitikia, mgeni hurudi alikotoka. Watu wakaandika. Akaongeza kwamba mume na mke wakigombana hupelekwa kwa ndama kuhukumiwa. Mzee mmoja alivua miwani akafuta machozi.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Mama Nyirabagenzi.

Huyu alikuwa mjane, mtu mzima, sauti ya kwanza katika kwaya. Kanisa lilimpita siku ile kwa sababu ya mafua na basi lililochelewa, naye akaona afuate joto na kahawa ya bure. Akakaa nyuma kabisa, akaisikiliza kesi ya ndama hadi hukumu, kisha akanyoosha mkono. Bi Marjorie, kwa furaha, akamwomba Daktari amtafsirie mama.

"Donc, mtoto wangu, umesema muzuri," Mama akasema taratibu. "Lakini ile desturi hukuimaliza. Kwetu, mutu akishafundisha mila mbele ya watu, kile wanamupa anakipatia mama mwenye iko mukubwa kupita wote. Bila vile, ng'ombe wanakauka maziwa."

Kalisa akaugeukia ukumbi, akatafsiri kwamba mama huyu anamshukuru Daktari na kumwombea maisha marefu. Makofi yakapigwa.

Mama akangoja yaishe. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuku, na Kiingereza alichotoka nacho kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Akawaambia hapana, hakusema hivyo. Akaielekezea kidole bahasha iliyokuwa mezani mbele ya Kalisa, akajigusa kifuani, akaeleza mwenyewe habari ya maziwa.

Ukumbi mzima ukamtazama Kalisa. Akiikana desturi hiyo, itabidi aeleze zile nyingine amezitoa wapi. Akainama kwa heshima akaikabidhi bahasha kwa mikono miwili, huku Bi Marjorie akimnong'oneza jirani kwamba hajawahi kuona jambo zuri namna ile.

Kwenye kituo cha basi, Kalisa akamsihi Mama wagawane. Mama akamjibu kwamba yale mafuta ya Yerusalemu yeye pia aliyanunua, akakaangia dagaa wa sambaza, na hakumsema kwa mtu. Kisha akampa habari: Bi Marjorie anataka kumpeleka yeye, Mama, akazungumze kwa wenzake wa Louisville na Buffalo.

"Bon, weye utaendesha gari na kutafsiri," akasema. "Bahasha za kule tutagawanya."

Wakasafiri kwa gari la Kalisa na petroli ya Kalisa. Louisville walifikia mtaa wa Newburg, kwa binti wa Mama, ambako Kalisa alilazwa sakafuni pamoja na wajukuu. Jukwaani Mama hakushikika. Alisema bibi harusi hushindana na fahali kwa kupiga kelele, na kwamba anayetafsiri maneno ya wakubwa husimama kwa mguu mmoja. Kalisa akatafsiri hilo, na yote yaliyofuata, kwa mguu mmoja. Bahasha ikatiwa mkobani. Mgawo, Mama alisema, ungefanyika Buffalo.

Njiani Kalisa akamuuliza ni wa kijiji gani hasa cha milimani. Mama akacheka mpaka mafua yakamrudia. Alizaliwa Goma mjini. Maziwa aliyajua ya kopo, na akimwona ng'ombe hubadilisha njia. Kalisa akaendelea kuendesha, akihisi kitu ambacho, kwa kukosa mazoea, hakukitambua kuwa ni heshima.

Buffalo kulikuwa na theluji. Mazungumzo yalipokwisha, Mama alimtuma Kalisa akapashe gari moto. Aliporudi, alimkuta mwenyeji wao peke yake, bwana mpole mwenye tai. Mama alikuwa ameondoka na mpwa wake Aloisi, mkazi wa pale, pamoja na mkoba, na mialiko mingine yote sasa ingekuwa ya Aloisi kutafsiri. Mama aliacha salamu kwamba Kalisa ni kijana mwema, ila ni mwepesi wa kudanganywa.

Bwana yule alimwonea huruma. Akamwambia kwamba kituo chao kina darasa la bure kwa wageni, la jinsi ya kuwatambua matapeli, nalo linaanza sasa hivi chumba cha pili. Na supu ipo.

Kalisa hakuwa na petroli ya kumfikisha Columbus. Akaingia, akakaa mbele. Somo lilipofika kwenye maswali alinyoosha mkono, akauliza mtu afanye nini ikiwa tapeli mwenyewe ni mama mtu mzima wa kwaya.

Mwalimu akatabasamu, akasema hilo halitokei; akina mama wa umri huo ndio wanaoibiwa. Darasa likamcheka. Kalisa akashusha mkono, akaomba bakuli jingine.