Chumvi Inayomwagika

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Nitatengeneza chumvi ya kuogea. Mwenye saluni ya kona, ambaye mtaa mzima humwita Madamu, ana rafu moja tupu kando ya kioo kikubwa. Leo amesema atampa mtu mmoja tu, yule atakayemletea kitu ambacho wateja wake hawajawahi kukiona. Amelisema hilo mbele yangu na mbele ya wifi yangu, mke wa kaka, ambaye hupika sabuni ya maji kwenye jiko letu na kuimba akikoroga. Naitaka rafu ile kuliko nilivyowahi kuitaka shahada yangu. Mwaka wa pili huu tangu nihitimu, na hakuna mahali popote duniani palipowekwa kitu nilichokitengeneza mimi.

Nimekwenda duka la dawa kununua chumvi ya haluli, kilo kumi. Muuza dawa akauliza nyumbani tumefunga choo wangapi. Nikasema ni ya kuogea. Akanitazama kwa huruma, akasema dada, hiyo inanywewa, tena kijiko kimoja kinatosha. Sikubishana naye.

Jumatano, 5 Machi
Mchanganyiko: haluli, chumvi ya mawe, mafuta ya mchaichai. Makopo kumi na mawili ya plastiki angavu. Nimeyapanga bafuni, kwenye kizingiti cha dirisha, vifuniko wazi ili yapumue. Hoja yangu ni nyepesi: kitu hukaa vizuri pale kinapofanyia kazi. Kaka alichungulia, akasema hatimaye Profesa kapata kazi inayomfaa, maana kutia chumvi hakuanza leo. Wifi alicheka kupita kiasi cha kichekesho chenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Imeganda. Makopo yote kumi na mawili. Nimepindua moja, hakikutoka kitu. Nimelipiga kitako, hakikutoka kitu. Nimeingiza kijiko. Kijiko kimepinda.

Mama alikuwa anatoka kuoga, taulo kichwani, mvuke ukimfuata kama mkia. Akasema pengine ni unyevu. Nilimweleza kwa upole kwamba dhana bila ushahidi ni dhana tu. Akasema haya mwanangu, akaenda kuvaa. Nimeandika daftarini: chanzo ni mafuta. Nitapunguza nusu.

Jumamosi, 8 Machi
Jana mafuta nusu. Leo mafuta robo. Jana imeganda, leo imeganda. Nikaongeza wanga wa mahindi, kwa kuwa nimesoma kwamba wanga hutenganisha punje. Nikajaribu vijiko vitano kwenye beseni la maji ya moto. Uji. Niliketi miguu ikiwa ndani ya uji unaonukia mchaichai, nikatafakari. Kwa nini punje zishikane? Huenda punje ikiwa peke yake haijioni kuwa ni chumvi. Huenda nami nimekuwa hivyo. Niliandika kurasa mbili juu ya jambo hili. Nilipomaliza, uji ulikuwa umeshanata katikati ya vidole.

Jumapili, 9 Machi
Nimechana makopo matatu ya mwanzo kwa kisu. Mabonge yametoka mazima, yana umbo la kopo hadi alama ya kitako. Bibi, ambaye huchukua chochote kinachokaribia kutupwa, alichukua moja, akalilowanisha kidogo, akaketi barazani kusugua visigino. Baada ya nusu saa alimwita kila mtu aje kuvigusa. Alisema amekula chumvi nyingi, lakini ya namna hii hakuwahi kuiona, visigino vimekuwa kama vya bibi harusi. Kaka aliuliza bwana harusi ni nani.

Wifi akaniuliza, wifi yangu, haya mawili yaliyobaki una kazi nayo? Nikamwambia achukue. Takataka hazina mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Bomba la bafuni linavuja. Fundi bomba ameamuru kila kitu kitolewe. Nimehamishia makopo mapya juu ya kabati la sebuleni, palipo na jua. Fundi aliyatazama, akauliza kumbe yalikuwa humu bafuni, akasema ndiyo maana. Sikumuuliza ndiyo maana ya nini. Yeye ni mtu wa mabomba.

Leo pia nimechanganya chumvi nyingine kwa mbinu mpya, niliyoifikia kwa kufikiri tu: kukoroga kuelekea kushoto, mara mia, bila kusema neno. Mama aliniuliza kama nitakula. Nilikuwa kwenye sitini na mbili. Ilibidi nianze upya.

Jumatano, 12 Machi
Inamwagika! Nimeinamisha kopo na chumvi ikateremka kama mchanga mkavu, punje kwa punje, ikilia. Nimeimwaga na kuirudisha mara tisa. Daftarini nimeandika: TATIZO LILIKUWA MWELEKEO, nikapiga mstari chini mara mbili. Mama alisema lakini si umeitoa bafuni. Nilimwambia hayo yamekutana tu.

Ijumaa, 14 Machi
Saluni. Nilimmwagia Madamu chumvi kiganjani. Niliongea dakika kumi kuhusu mwelekeo. Mteja aliyekuwa kwenye kikaushio alilala. Madamu alisema ni nzuri, inanukia, lakini chumvi ni chumvi. Kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu ndiko linakotoka lile jiwe.

Jiwe gani? Akafungua droo. Bonge langu. Limetobolewa katikati, limetiwa kamba, limeandikiwa kikaratasi kwa mwandiko wa wifi: Kisugulio. Bibi alikuwa ameshakuja kusuka, akavua viatu mbele ya wateja wote. Madamu anataka mawe thelathini kufikia Jumatatu. Atakayeyaleta, rafu ni yake.

Nilirudi nyumbani. Wifi alinifuata chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema hakukusudia kunizunguka, bonge ni langu, tufanye pamoja, rafu iwe yetu sote. Akasema fundi ameshamaliza, turudishe makopo bafuni usiku mmoja tu, vifuniko wazi, maji ya moto yafunguliwe. Nilimshukuru. Nikamweleza kwamba siwezi kuweka jina langu kwenye kubahatisha. Akasema haya wifi, akaomba nimwachie kilo mbili za haluli. Nimempa. Mtu ajifunze kwa makosa yake.

Jumapili, 16 Machi
Hesabu ni rahisi. Kama kushoto hutenganisha, basi kulia hugandisha. Tangu jana nimekoroga kuelekea kulia mara mia tatu, sebuleni, juani. Bado inateleza kama mchanga. Nitaongeza hadi mia sita. Mkono wa kulia umekufa ganzi, natumia wa kushoto, na huenda hapo ndipo kosa lilipo.

Wifi yuko bafuni tangu asubuhi. Maji ya moto yanatiririka, mvuke unatoka chini ya mlango. Kaka amegonga mara tatu, anajibiwa kwa wimbo. Sasa hivi ametoka na sinia kubwa lililofunikwa taulo, amelibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitu kizito. Akanisalimia vizuri.

Sijui ni nani huoga na sinia. Nimemsihi asimalize maji ya moto. Kesho nikishapata rafu nitataka kuoga.