Ombi la Kutiwa Uboho wa Wifi

Kwa Daktari Mkuu wa Maabara,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Panya wote hawajambo pia, niliwaacha salama jana jioni.

Mimi ndiye mtunza panya wa chumba cha pili. Ni mimi ninayemlisha yule mweusi uliyempandikiza ngozi nyeupe mgongoni. Ulimtia kwanza uboho wa mifupa ya panya mweupe mwenye ngozi hiyo, kinga ya mwili wake ikamzoea mgeni. Mwezi wa nne huu, kiraka kimeota manyoya na wala hajikuni. Ndipo nikapata moyo wa kukuandikia.

Mume wangu alipewa figo na dada yake. Mungu ambariki wifi yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huja kila asubuhi kuitazama figo yake, wala habishi hodi. Nilipomuuliza alinijibu, "Nibishe hodi kwa kiungo changu mwenyewe?"

2. Ameondoa chumvi yote jikoni, hata ya kwangu mimi ninayetumia figo nilizozaliwa nazo.

3. Nikigombana na mume wangu, hunielekeza: "Mgombeze upande wa kushoto. Wa kulia ni wangu."

4. Juzi kaja na godoro. Eti figo haijazoea kulala nyumba nyingine.

Daktari, mume wangu humeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na mwili wake umeikubali figo. Anayekataa ni mimi. Kwa hiyo naomba kwa heshima unitie uboho wa wifi, kidogo tu, kama ulivyomfanyia panya. Ikishindikana, nipatie kizimba namba saba. Ni kisafi, nakisafisha mwenyewe, na mgeni haingii bila kibali chako.

Nisalimie madaktari wenzako, mlinzi wa getini, na panya, weusi kwa weupe.

Wako mtiifu,
Mtunza panya, chumba cha pili

Tanbihi: Jana, siku moja baada ya kuandika haya, tumbo lilinikata, wifi akanibeba mgongoni hadi hospitali. Kabla sijaguswa, nilimsikia akimuuliza daktari wa zamu kama ile figo yake iliyobaki ingenifaa mimi. Barua hii ningeichana mwenyewe, ila karani ameshaipiga mhuri. Nakuomba uichane wewe. Ilikuwa gesi tu.