Lenzi Iliyogoma Wiki ya Harusi

Jumatatu, 4 Agosti

Kamera imegoma. Jana kwenye ubatizo nilirudi nyuma kidogo ili nipate kwaya nzima, nikakalia beseni la soda. Mimi waliniinua. Kamera ilibaki chini kati ya chupa na barafu. Leo nikiiwasha, lenzi inatoka nusu, inasaga meno, inarudi ndani kama kobe aliyeguswa.

Na ni Agosti! Kigali nzima inaoa. Mzee Rutayisire wa Kabuga anamwoza binti yake Gahongayire. Jumamosi ni gusaba, siku upande wa mume unapokuja kuposa rasmi. Kanisani ni mwisho wa mwezi. Mzee amesema nikipiga vizuri Jumamosi, harusi ni yangu. Nikivuruga, atamwita Keith.

Keith amelelewa Kampala. Ana kamera mpya, ana na kile kidude kinachoruka na kupiga picha kutoka juu. Wateja wangu wote wa mwaka jana sasa ni wake. Amebaki Mzee Rutayisire peke yake. Huyu naye akienda, mimi Mugenzi nitazeeka nikipiga picha za pasipoti nyuma ya pazia la dada Raihana, fundi cherehani aliyenipa kona ya duka lake hapa Kimisagara.

Sasa nitengeneze au ninunue nyingine? Nitaamua kesho, kichwa kikitulia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua kununua. Nimepanda mjini, nimeziangalia kamera kabatini, nimesoma bei. Nimeamua kutengeneza.

Fundi ni Eustache, mwenye kibanda cha redio na simu huku bondeni. Ameifungua, ameipuliza, amenusa. Amesema bado inanuka Fanta. Kuna gia ndani imevunjika jino, na gia ya aina hiyo Kigali haipo. Kwa ushauri wake niizike. Nikamwahidi picha ya familia yake bure akiitengeneza. Akaniuliza nitaipiga na nini. Watu wengine hawana imani kabisa.

Mwishowe kasema anaweza kuikwamisha lenzi kwa gundi. Nichague. Akiikwamisha upande wa mbali, nitapata upana wote, kilima na watu wake, ila chochote cha karibu kitakuwa ukungu. Akiikwamisha upande wa karibu, nitahesabu kope za mtu, ila upana nisahau. Na gundi ikishakauka, kuibandua ni kubahatisha. Nimeomba siku moja ya kufikiri.

Jumatano, 6 Agosti

Sikuhitaji kufikiri. Mzee Rutayisire mwenyewe kanipigia simu.

Kiswahili chake ni kile cha hapa mjini. Kwake karibu ni kalibu, kalamu ni karamu, na haraka ni halaka. Hainisumbui. Mimi nimesoma Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, upande wa Tanzania, na sikio langu linanyoosha kila kitu lenyewe.

Kasema kaka yake yuko Kanada, hawezi kuja, na hana haja ya picha za watu kwa sababu watu anawajua. Anachotaka ni kuona mahari. Mahari iko kubwa, iko nzuri, ionekane yote. Moyoni nikamsahihisha: ni mahali, mzee wangu, tena pakubwa na pazuri. L na R zao hawa! Lakini nimemwelewa. Kaka mtu anataka kuona boma, hema, mandhari ya Kabuga aliyoiacha zamani.

Basi ni upana. Nimemwambia Eustache apake gundi.

Dada Raihana ameniuliza Mzee kataka nini hasa. Nikamwambia picha za mahali. Akauliza kama ndivyo alivyotamka. Nikasema ametamka mahari, ila alikuwa na maana ya mahali. Akasimamisha cherehani. Akasema kwamba yeye angekuwa mimi, angepiga mahari, tena asubuhi kabla hawajachafuka. Hawa kina nani? Mtu ambaye babu yake alikuja huku na bidhaa kutoka Bagamoyo! Kimisagara imemharibia Kiswahili. Nimemsikitikia sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Gundi imekauka. Nimesimama mlangoni nikapiga kilima cha ng'ambo, nikaona kila bati la kila nyumba. Kisha nikampiga dada Raihana aliyekuwa mbele yangu. Ametoka kama mvuke uliovaa mtandio. Sawa tu, si kazi yangu ya kesho.

Nimekutana na Keith kwenye kituo cha pikipiki. Ameuliza kwa upole mno kama ni kweli kamera yangu imekunywa soda. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa natembea na boksi la kamera mpya kwapani, nililoazima dukani, maandishi yakitazama barabara. Nikamwambia ya zamani nimeitupa, hii imetoka Dubai. Akaomba kuishika. Boksi likapaa mkononi mwake kama unyoya. Akasema siku hizi wanazitengeneza nyepesi kweli. Nikamwambia ndiyo maana nimeichagua. Nadhani ameumia.

Jumamosi, 9 Agosti

Kabuga. Nimefika kabla ya wapishi. Nimefanya kazi ya maisha yangu.

Nimepiga hema kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Nimepiga lango, viti vikiwa bado havijakaliwa, tangi jipya la maji, barabara ikipanda hadi uani. Wazee wa pande mbili walikuwa wanataniana kwa vipaza sauti, watu wanacheka, mimi nipo juu ya ukuta na kazi yangu.

Hapo ndipo ikatokea fujo. Vijana wenye fimbo wakaingiza ng'ombe, wana mapembe marefu, wamesuguliwa hadi wanang'aa. Watu wakasimama, wakaanza kuwaimbia na kuwasifu. Na wamekuja kusimama wapi? Mbele ya hema, katikati ya picha yangu! Nikashuka, nikawaomba vijana wale kwa adabu wawapeleke nyuma ya jiko mpaka nimalize. Wakadhani natania. Nikarudia. Mzee mmoja wa upande wa mume akanitazama kwa muda mrefu. Lakini ng'ombe wakaondolewa, nikapata uwanja mtupu, safi. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Harusi ni yangu. Jioni hii hii nimezituma zote Kanada.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Rutayisire ameniita nyumbani kwake. Hakufoka. Bora angefoka.

Kasema kaka yake ameangalia picha zote, na anauliza kama mkwe ameposa kwa tangi la maji. Ng'ombe wako wapi? Nikatafuta, nikamwonyesha mkia, kona ya kushoto kwenye picha ya lango. Mzee akauangalia mkia. Kisha akaniuliza taratibu, huko Karagwe kwenu, mahari ni kitu gani.

Ndipo nikaelewa. Ametamka mahari, na kumbe alitaka mahari. R ya mzee yule ilikuwa imekaa sawasawa, mimi nikaing'oa.

Tena upande wa mume wamekasirika. Wanasema mpiga picha wa bibi harusi amefukuza ng'ombe wao kama waliovamia shamba. Mzee amelazimika kwenda kuwaomba radhi kwa ajili yangu, na umri wake ule. Hilo limeniuma kuliko yote. Nimempa mkono, nikashindwa kumwangalia usoni.

Harusi amepewa Keith.

Jumatano, 13 Agosti

Keith amepita dukani. Anasema kanisani atahitaji mtu wa kumshikia taa. Nimemwambia nitaangalia ratiba yangu. Ni wazi ananiogopa.

Dada Raihana aliacha kushona. Alinimiminia chai na kuniongezea sukari, ikawa vigumu kuinywa.

Nimetafakari kwa utulivu. Mwenye lenzi nzima angepiga mahali na mahari pia, kwa hiyo kosa ni la gia. Hata hivyo somo nimelipata. Mtu akitamka neno, lichukue jinsi alivyolitamka.

Alhamisi, 14 Agosti

Kazi mpya! Jamaa anaitwa Mucyo, dalali wa viwanja kule Kibagabaga. Kwa simu ananiambia ana mahari, anataka ipigwe picha kesho aiweke mtandaoni watu waione.

Safari hii sikukurupuka. Nilimuuliza vizuri. Iko kubwa? Kubwa sana. Majani je? Yamejaa. Maji yako mbali? Hapana, yanapita hapo hapo. Nikauliza rangi. Akafikiri kidogo, akasema nyekundu. Halafu akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ina hati. Ng'ombe wenye hati! Hawa watakuwa wale wa kisasa. Na kuna watu wawili wanaigombania, kwa hiyo binti yake lazima ni mzuri.

Nimekimbia kwa Eustache aibandue lenzi na kuikwamisha upande wa karibu. Ameonya kwamba nikigeuza tena itavunjika. Nimemwambia upana sina haja nao tena maishani.

Dada Raihana kauliza kama nina hakika huyu dalali hakuwa na maana ya mahali. Nimecheka tu. Mimi si mtu wa kukosea neno moja mara mbili.

Nimenunua na brashi ya kuwasugua, na chumvi kidogo ya kuwalambisha ili watulie.