Kuwa Baba Bila Wakili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Namwasili binti wa mke wangu, yaani awe mwanangu hata kwenye karatasi. Na nitafanya mwenyewe.

Nimemlea tangu ana miaka minne, sasa ana kumi na mitatu. Baba yake mzazi alifariki kabla mtoto hajajua kutembea. Kwangu ni mwanangu, kwa Mungu ni mwanangu, ila mwezi jana alipovunjika mkono na mama yake yuko safarini, hospitali walikataa sahihi yangu. Eti mimi si mzazi. Saa tano nzima kwenye benchi, mtoto analia, nami nimeshika kalamu isiyo na kazi. Haitatokea tena.

Kaka wa mke wangu anachapa barua kwenye ofisi ya wakili, ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Wakili Nusu. Kanionya: shemeji, faili la mahakama si fremu ya picha. Nikamjibu kwamba fundi wa fremu kama mimi, anayeunganisha pembe nne bila mwanya, hawezi kushindwa na karatasi nne. Mke wangu akasema basi tumuulize mtoto kwanza. Ya nini? Ananiita baba kila siku. Nataka kumshtukiza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimechukua fomu masijala ya mahakama. Si karatasi nne. Ni kurasa tisa.

Nimezijaza karakanani, nimesimama, maana leo kiti hakinikubali. Kuna kisanduku kinauliza jina atakalotumia mtoto baada ya kuasiliwa. Nikaandika jina la ukoo wangu kwa wino wa dhahabu, ule ninaoutumia kwa vyeti vya mahafali. Nikalipuliza likauka. Nikalisoma kwa sauti. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi nikalisoma tena.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kinachanika kwenye mikunjo. Nikaona aibu kukipeleka vile. Nikakibandika kwenye ubao kwa gundi yangu nzuri, nikakizungushia mbao iliyopigwa msasa, nikatia kioo.

Karani wa masijala alikitazama muda mrefu. Kisha akasema anatakiwa kugonga muhuri nyuma yake. Nikakigeuza. Nyuma kuna ubao na ndoano ya kutundikia.

Ameniagiza nikatafute nakala nyingine. Kazi yenyewe hakuisifu hata kidogo. Na nani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na mafaili ya bosi wake? Wakili Nusu. Kaniuliza kwa upole kama cheti cha ndoa nacho nitakiwekea miguu.

Nimemsamehe. Mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikukaa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nakala mpya imepatikana. Faili limepokelewa. Shauri litasikilizwa tarehe 24. Ijumaa hii afisa wa ustawi wa jamii atakuja kutazama nyumba na kuzungumza na mtoto, kwa hiyo ilibidi nimwambie binti. Akauliza kama anaweza kusoma hizo karatasi. Nikampa nakala. Akasoma, akazikunja, akaenda kufua soksi. Furaha imemzidi.

Mimi kinachonikera ni kuta. Nimetengeneza fremu miaka ishirini na kuta zangu zina kalenda moja. Afisa atasema huyu mtu hana ndugu. Usingizi hauji.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimepata dawa. Karakanani kuna picha za wateja waliokwenda zao wasirudi kuzichukua. Nimetundika kumi na saba sebuleni. Maharusi, wazee wenye suti, mtoto kwenye beseni. Nyumba imejaa ukoo. Mke wangu ameingia, akasimama, akauliza hawa wote watalala wapi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mungu anirehemu.

Afisa ni mama mtaratibu, anaandika polepole. Alianza kutembea kando ya kuta kama mtu aliyeingia dukani. Akasimama mbele ya bibi mmoja mwenye miwani, akaniuliza huyu ni nani kwangu. Nikasema shangazi. Sijui kilichonisukuma kuongeza kwamba ni marehemu, na kwamba alimpenda sana binti yetu.

Afisa akasema kwamba yule ni mama mkwe wake. Kwamba ni mzima, asubuhi wamekunywa chai pamoja. Na kwamba tangu mwaka jana anamtafuta fundi aliyehama karakana na picha yake.

Mke wangu aliangalia sakafu, mabega yanacheza. Wala hakuwa analia.

Kisha afisa akakaa chumbani na binti peke yao, nusu saa. Nilihesabu misumari ya mlango. Alipotoka, picha ya mama mkwe kwapani, aliniambia kwamba picha ameshazicheka na yamekwisha, ila kuna jambo la kweli. Mtoto wa umri huu lazima akubali mwenyewe. Binti hajakubali. Nikauliza kwa nini. Akanijibu: muulize mwanao, baba, yupo hapo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Sijamuuliza. Namuulizaje? Akisema hanitaki nitaweka wapi uso wangu?

Badala yake nimefunga kula, nimeomba, nimemwekea rafu ya vitabu, nimemwambia anaweza kulala saa nne badala ya saa tatu. Ameniambia asante baba, akalala saa mbili. Kanisani niliiomba kwaya iniombee hitaji maalumu. Mwalimu wa kwaya, rafiki yangu sana, akatangaza kwamba fundi ana tatizo la kuta.

Nimemeza kiburi nikamwendea Wakili Nusu, nikamsihi ampeleleze mpwa wake. Akasema shemeji, hilo hata wakili mzima angekwambia: ongea na mtoto. Watu wote wamekariri wimbo mmoja.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Amekuja mwenyewe karakanani, na nguo za shule. Akafunua ile nakala, akaweka kidole kwenye kisanduku cha jina. Akaniuliza baba yake alinikosea nini.

Sikuelewa. Akasema, kwa sauti ya chini tu, kwamba mimi ananiona kila siku, anajua hata ninavyokohoa. Yule hamkumbuki. Hana picha yake, hana shati lake. Ana jina lake basi. Nami nimelifuta kwa dhahabu.

Nikasema sikujua. Akasema, si hukuniuliza, baba.

Nikageuka nikatafuta tambara la kufutia meza, na meza ilikuwa safi. Nikafuta mpaka nikaweza kuongea. Nikamwambia jina lake libaki palepale, hata fremu nzuri haiwekwi juu ya uso wa mtu. Akaketi kwenye kiti changu, akajaza ukurasa mpya kwa kalamu ya kawaida. Alimaliza kwa dakika mbili. Na kosa moja la tarehe alilikuta kwenye ukurasa wangu wa tano, akalisahihisha bila kusema kitu.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Hakimu alimuuliza binti kama anaelewa kilichomleta. Akajibu kwamba amekuja ili siku nyingine akivunjika mkono baba atie sahihi. Alimuuliza kama anakubali. Akasema ndiyo, tangu zamani.

Hakimu akaniuliza nani alinishauri kwenye faili hili. Nikasema hakuna, mheshimiwa. Akasema inaonekana. Akatia sahihi.

Nililia kwenye korido kama mtu aliyefiwa. Wakili Nusu alinipa leso yake, akanipeleka kwenye benchi. Binti akakaa katikati yetu, akatuambia tujikaze, watu wanatuangalia.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Mwalimu wa kwaya anataka kumwasili mpwa wake, binti wa marehemu dada yake. Ana miaka kumi na minne. Nimemkataza kabisa kutafuta wakili, mimi nipo, nina uzoefu. Fomu nimemchukulia jana na nimeshajaza mpaka ukurasa wa saba.

Ameniuliza kama si vizuri kwanza akae chini na mtoto, wazungumze. Nimemwambia atulie. Mtoto mwenyewe asiambiwe kitu mpaka mwisho. Atafurahi zaidi.